Wenyeji wa Mombasa, mbona Fort Jesus tunaipita nje tu?

#1 Mtoto_wa_Kibokoni

Salamu nyote.

Nina dai na nitalisimamia: wengi wetu tuliozaliwa kisiwani hatujakanyaga ndani ya Ngome tangu tulipopelekwa na shule. Tunaipita kila siku. Jioni tunakaa pale nje, viazi karai mkononi, upepo unavuma, watoto wanakimbizana, magharibi ikiingia twaenda zetu. Mlango uko pale pale. Mgeni akija ndipo tunakumbuka kuna makumbusho, na hata hapo twamsindikiza mpaka langoni, aingie yeye, sisi tumngoje nje.

Na si jengo la kuchezewa. Mreno alianza kulijenga 1593, Mwomani akamng'oa, ukoo wa Mazrui wakatawala, Mwingereza naye akaja, na kila mmoja kaacha mkono wake kwenye kuta. UNESCO wakaliingiza kwenye urithi wa dunia 2011. Watu wanapanda ndege kuja kuona kitu ambacho sisi twakiegemea tukila mihogo.

Sababu hasa ni nini? Na aliyeingia karibuni akiwa mtu mzima, aliona nini?

#2 TukTuk_Tudor

Kiingilio. Swali limekwisha. Mtu ana mke na watoto wanne, akipiga hesabu ya kuwaingiza wote anaona bora kitoweo. Pale nje upepo ni wa Mungu, haulipiwi.

#3 Binti_Makadara

TukTuk, hapo sikuungi mkono. Bei ya raia iko chini kabisa ukiiweka karibu na ile wanayotozwa watu wa ng'ambo. Na hao hao unaowasemea, Jumapili wako Mama Ngina wanawanunulia watoto madafu, kachiri na aiskrimu bila kuhesabu.

Kwetu sisi sababu ilikuwa nyingine. Pale palikuwa jela. Waingereza waliigeuza Ngome kuwa gereza 1895 na ikabaki hivyo hadi 1958. Kaka yake nyanya yangu alifungwa mle, akatoka na kifua kibovu ambacho hakikupona mpaka anazikwa. Nyanya akienda sokoni alivuka barabara mapema ili asipite chini ya ukuta ule. Nani angemwambia alipe aingie kutazama? Tukakua tukijua pale si pahali pa matembezi. Hakuna aliyetukataza, tulijua tu.

#4 Mwalimu_Changamwe

Binti, pole kwa hilo, na nadhani umegusa jambo ambalo watu wa mjini wengi wanalo na hawalisemi.

Mimi naongeza sababu ya tatu, ya darasani. Nimepeleka wanafunzi mle mara nyingi. Basi linashusha watoto mia na kitu, muda ni mfupi, wanakimbizwa kutoka mizinga hadi mifupa ya nyangumi, wanapigwa picha ya pamoja, wanarudi kuandika insha. Ukiwauliza wiki inayofuata, kilichobaki kichwani ni nyangumi. Mtoto anaondoka akiamini Ngome ameimaliza, na mtu hawezi kurudia kitu alichokwisha kukimaliza.

Halafu Mtoto_wa_Kibokoni, waliojenga ni Wareno lakini mchoro ni wa Mwitaliano: Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno kule India. Na amri ilitoka kwa Philip II wa Uhispania, kwa sababu wakati huo ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno pia. Ukiutazama ule mchoro kwa juu unaona kiwiliwili cha mtu: kichwa kimeelekea baharini, mikono na miguu ni ile minara ya pembeni. Nawaambia wanafunzi wapande juu ya ukuta waitafute hiyo mikono wenyewe, na hapo ndipo wanapoacha kupiga kelele.

#5 Nahodha_Mstaafu

Wanangu, hamjambo.

Mimi naingia, na nina sababu yangu. Nimekula chumvi ya bahari maisha yangu yote, na mle ndani kuna chombo.

Waomani walipoizingira Ngome Machi 1696, waliokuwa ndani walikaa mle hadi Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa. Njia yao ya kupata chakula na baruti ilikuwa bahari, na mpaka leo mtaiona ile njia ya matao iliyochongwa kwenye mwamba ikiteremka kuelekea majini. Goa, makao ya Wareno kule India, ikatuma meli za kuwaokoa. Moja ilikuwa Santo Antonio de Tanna, na 1697 ikazama pale pale mbele ya Ngome. Ikalala mchangani karibu miaka mia tatu. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji wakaichimba chini ya maji, kipande kwa kipande: mitungi, vyombo vya udongo, vifaa vya mabaharia, mbao zilizochongwa. Walipomaliza, mbavu za meli wakazifukia tena kwa mchanga zisioze.

Vitu hivyo viko kwenye kabati za vioo. Watu wengi wanavipita mbio wakienda kupiga picha mizinga. Simama pale utazame kazi ya mafundi wa meli, jinsi ubao ulivyopokewa na ubao mwenzake. Kisha panda ukutani, tazama mlango wa bandari, ujiulize nahodha yule aliingiaje na risasi zinamjia kutoka pande zote.

#6 Mgeni_wa_Tabora

Wakuu habari zenu, nisamehewe kwa kuingilia mazungumzo ya wenye mji. Nakuja Mombasa na mke wangu na watoto wawili, wikendi moja tu, tunapitia Tanga na Horohoro. Sasa mmenichanganya. Tuingie au tusiingie? Na zaidi ya Ngome kuna nini? Watoto wanataka zile pembe kubwa za tembo barabarani, wameziona kwenye picha.

#7 Binti_Makadara

Karibu sana kaka. Ingieni, tena asubuhi mapema kabla ya jua kupanda, kwa sababu uwanja wa katikati ni wazi na mawe yanarudisha joto. Sisi tunazungumzia shida zetu za wenyeji, hazikuhusu wewe. Raia wa Afrika Mashariki mna bei yenu, msikubali kuambiwa vingine. Na mwenye vazi la kujisitiri atatembea Mji wa Kale kwa raha zaidi, mwambie shemeji abebe leso.

#8 Kijana_wa_Majengo

Pembe ziko Moi Avenue, hutazikosa. Ni jozi mbili zimevuka barabara, ukizitazama pamoja zinafanya M ya Mombasa. Ziliwekwa 1952 kumkaribisha Malkia Elizabeth.

#9 Karani_wa_Zamani

Hapo kwa Malkia pana utata, kijana wangu. Februari 1952 Elizabeth alikuwa Kenya kweli, na mpango ulikuwa apandie meli Mombasa, meli Gothic ilikuwa ikimngoja bandarini. Lakini babake akafariki yeye akiwa kule Nyeri, akapelekwa Nanyuki, akapanda ndege akarudi kwao. Mombasa hakufika katika safari ile. Kwa hiyo kama zilisimamishwa kwa ajili yake, hakupita chini yake.

Aliyefika ni dada yake, Margaret, 1956. Wazee wa Kilindini Road, ndio Moi Avenue ya sasa, wengi wao walizihusisha pembe hizi na Margaret.

#10 Kijana_wa_Majengo

Mzee, kila kitabu cha watalii kinasema 1952.

#11 Karani_wa_Zamani

Kinasema, na huenda zile za kwanza ni za 1952. Mtu anaweza kuandaa karamu na mgeni asitokee. Ninalosema ni kwamba watu wanawaambia wageni "hapa alipita Malkia", na hilo si kweli.

#12 TukTuk_Tudor

Mimi nimepita chini yake kuliko mfalme yeyote. Waambie watoto wa Tabora wanipigie picha 😂

Ila kaka Mgeni, pembe zenyewe ni za bati la alumini, usije ukawaahidi watoto pembe za kweli. Na msisimame katikati ya barabara kupiga picha, matatu za pale hazina subira. Bustani iko kando, pigeni mkiwa kule.

#13 Mswahili_wa_Kuze

Nimesoma kuanzia juu. Kiingilio, jela, shule, zote nazikubali, lakini mimi naona chanzo kiko ndani zaidi. Ile hadithi inayosimuliwa pale ni ya waliopigania mji. Mji wenyewe uko wapi? Mreno kaingia, Mreno katoka, Mwarabu kaingia, Mwingereza kaingia. Mtu wa Mombasa anasikia hayo anajiuliza, na sisi tulikuwa wapi?

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa 1331, zaidi ya miaka mia mbili na nusu kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa. Alikuta watu wanakula ndizi na samaki, wana misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na mtu haingii msikitini kabla ya kuosha miguu. Huo ndio mji ninaotaka kuoneshwa. Shehe Mvita na Mwana Mkisi wanaotajwa kuwa waasisi wa mji, Tisa Taifa na Tatu Taifa, yaani koo za Waswahili wa Mombasa, hao ndio watu wetu. Ukiingia Ngome unawakuta pembeni pembeni, kama wageni kwenye harusi yao.

#14 Mtoto_wa_Kibokoni

Mswahili, umesema neno. Lakini je, si sababu ya kuingia na kudai, badala ya kukaa nje? Na mle mle ndani tunaye mtu wetu. Yusuf bin Hasan.

Kwa asiyemjua: mtoto wa mfalme wa Mombasa, babake aliuawa kwa hila za Wareno, yeye akachukuliwa mdogo akapelekwa Goa, akabatizwa wakamwita Jeronimo Chingulia, akaoa Mreno, wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 akaingia Ngome na watu wake, akamuua kapteni kwa mkono wake, akarudi kwenye Uislamu, na Ngome ikawa yake. Kila nikisimama kwenye lango lile namuwaza.

#15 Mwalimu_Changamwe

Na malizia hadithi: 1632 Wareno walileta jeshi kutoka Goa wakashindwa kuitwaa tena, lakini Yusuf naye akaona hawezi kukaa akingoja jeshi jingine, akapakia mizinga akaondoka. Wareno wakarudi kwenye ngome tupu. Lile andiko la Kireno lililo juu ya lango kubwa ni la kapteni aliyekuja baadaye, Seixas Cabreira, anajisifu jinsi alivyoutiisha mwambao. Kwa hiyo yule anayelipa akiingia anapita chini ya majigambo ya mtu aliyekuja kufuta kazi ya Yusuf. Nawaonesha wanafunzi hilo, wanakasirika kweli kweli, nami nafurahi kwamba wanakasirika.

Mswahili, kuhusu "sisi tulikuwa wapi": katika kuzingirwa kule alikokusimulia Nahodha, Wareno walipokufa kwa maradhi, aliyeshika uongozi wa ulinzi ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili wa visiwa vya Lamu. Na nje wakizingira walikuwepo Waswahili pia. Haikuwa mgeni kwa mgeni tu. Watu wa pwani walikuwa pande zote mbili za ukuta, kila mji na hesabu zake.

#16 Mswahili_wa_Kuze

Hilo la Bwana Daud nalijua, Mwalimu. Lakini mtu anayeingia leo bila wewe kando yake atalijua? Hapo ndipo ninaposimama.

#17 Shangazi_Likoni

Mnamzungushia mgeni vita vya wazungu na waarabu, na Mbaraki hakuna aliyeitaja! Nguzo ya Mbaraki, upande wa Kilindini, si mbali na njia ya feri. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe, ndani ni tupu, imesimama kando ya msikiti na chini yake ni maji. Hakuna msongamano, hakuna mtu wa kukusumbua. Kwangu mimi ndiyo mahali pazuri kuliko pote kisiwani.

#18 Kijana_wa_Majengo

Halati, ile si mnara wa zamani wa msikiti tu?

#19 Shangazi_Likoni

Mnara wa msikiti usio na ngazi ya kupandia, mwanangu? Muadhini angepanda na nini?

Tulivyoambiwa na wakubwa wetu, mle mnakaa jini, na nguzo ni nyumba yake. Nimeona kwa macho yangu marashi na ubani pale chini, wanawake wanaleta wakiwa na haja zao. Wapo wanaolikemea jambo hilo na wana haki yao, mimi nasema nilichokiona.

#20 Karani_wa_Zamani

Mimi nilisikia ni kaburi la mkubwa mmoja wa Wachangamwe, katika Tatu Taifa. Makaburi ya nguzo yako pwani nzima, nendeni Gedi mtayaona, nendeni mpaka Malindi mjini. Mbaraki imezidi ukubwa tu.

#21 Nahodha_Mstaafu

Na mabaharia tuliitumia kama alama. Ukiingia mkondo wa Kilindini unahitaji kitu kirefu cha kulengea. Sisemi ilijengwa kwa ajili hiyo, nasema kazi hiyo iliifanya.

#22 Mwalimu_Changamwe

Wataalamu waliochimba pale walikuta msikiti wa kwanza ni wa karne ya 15, ukaachwa ukawa gofu, na nguzo ikaja baadaye. Msikiti unaosaliwa sasa umejengwa upya juu ya ule wa kale. Kwa hiyo hoja ya mnara inadhoofika, maana hakukuwa na sala ya kuadhiniwa ilipojengwa. Ile ya halati kuhusu jini inapata nguvu kidogo, kwa sababu gofu lile lilikuwa likipelekewa tambiko. Lakini kaburi nalo halijafutika.

#23 Fundi_wa_Milango

Uzi mtamu. Mimi ni seremala, kazi yangu milango ya Kiswahili, kwa hivyo nitasema ya mbao.

Kaka wa Tabora, ukitoka Ngome shika Ndia Kuu kwa miguu. Usiite tuktuk (TukTuk_Tudor atanisamehe). Tazama juu, roshani za mbao zimetokeza kila upande. Tazama milango: ile yenye nakshi ya majani na maua inayopanda kwa mkunjo kwenye fremu, na ile ya kona kali zilizopigwa mraba. Gusa ubao wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili. Mlango mzuri ukiufunga husikii kishindo, unasikia pumzi tu, kwa jinsi ulivyokaa.

Ukiingia nyumba ya zamani angalia dari. Zile nguzo nyeusi ni boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu sana, na ndio maana vyumba vya kale vya mwambao mzima ni vyembamba na virefu. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Fundi hakuwa na la kusema.

Mbele zaidi mtafika Msikiti wa Mandhry, wa 1570, una umri mkubwa kuliko Ngome. Mweupe, mnara wake umechongoka kwenda juu, na ng'ambo ya njia kuna kisima chake. Ni msikiti unaosaliwa, basi mtazame nje kwa adabu. Mkiteremka mtafika bandari ya zamani.

#24 Nahodha_Mstaafu

Bandari ya zamani, ahsante Fundi. Siku zetu majahazi yalijaa pale wakati wa upepo wa kaskazi, unaweza kuvuka kutoka chombo hadi chombo usilowe mguu. Walileta tende, mazulia, samaki wa chumvi. Upepo wa kusi ukipiga wanarudi na boriti hizo hizo alizozitaja Fundi. Siku hizi ni vichache. Lakini nendeni asubuhi, mtakuta watu wanapakia, na harufu ya pale haijabadilika.

#25 Mgeni_wa_Tabora

Shukrani sana wakuu. Ila nina watoto, mmoja yuko la pili na mwingine la tano. Nguzo na milango watanivumilia kidogo tu. Cha watoto ni kipi?

#26 Dada_wa_Bamburi

Haller Park, Bamburi. Si kisiwani, mnavuka daraja la Nyali. Ilikuwa machimbo ya saruji, jangwa la mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti pale. Akajaribu aina 26, mitatu tu ikakubali, na uliofanya kazi kubwa ni mvinje. Majani ya mvinje hayaozi upesi, basi akaleta jongoo wayale, na kinyesi cha jongoo kikawa udongo. Msitu mzima unaouona umeanzia kwa jongoo! Watoto wangu walipojua hivyo hawakumkanyaga jongoo tena nyumbani.

Kuna twiga, viboko, na makobe wakubwa wa Aldabra. Pale ndipo alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe Mzee. Waulize walinzi wawasimulie, wanaipenda hadithi hiyo.

#27 Binti_Makadara

Na mkiwa upande huo, simameni Kengeleni kidogo. Ile kengele ni ya Frere Town, mji wa watumwa walioachiwa huru, ulianzishwa 1875. Watu wanateremka matatu pale kila siku na hawainui macho. Wajukuu wa wale waliokombolewa bado wako Kisauni na Rabai. Rabai kwenyewe kuna makumbusho madogo kwenye kanisa la wamisionari Krapf na Rebmann, kama mna nafasi.

#28 Mswahili_wa_Kuze

Unaona Binti? Frere Town ina kengele kando ya barabara tu. Jela iliyomuua babu yako ina nini pale Ngome cha kumkumbuka?

#29 Binti_Makadara

Hilo swali limenikaa. Niliingia mwishowe, mwaka jana, na binti yangu. Niliona nyumba ya Waomani na vito vyake, niliona chumba cha baraza cha Mazrui chenye mbao zilizochongwa maandishi. Niliona ule ukuta wa michoro ya askari wa Kireno, wamechora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, kanisa, samaki, watu. Nikasimama hapo muda mrefu. Nilifikiri, hawa nao walikuwa vijana waliofungiwa mbali na kwao, wakachora ukutani ili siku iishe. Nikautafuta ukuta wa wafungwa wetu. Nilitamani kuona jina moja tu.

Ile miaka 63 ya jela ni karibu yetu kuliko Ureno yote. Wapo wazee ambao baba zao walikaa mle. Wakihojiwa sasa, hadithi zitapatikana. Wakiondoka, basi.

#30 Mwalimu_Changamwe

Dada Binti, kama mjomba wa nyanya yako... yaani kaka yake, familia ina lolote la kuandikwa, niko tayari kuja na wanafunzi wa kidato cha tatu waje waandike. Nasema kwa dhati. Nitumie ujumbe ndani.

#31 Binti_Makadara

Nimekutumia. Yuko halati yangu Mwembe Tayari ambaye anakumbuka kumpelekea chakula langoni.

#32 Mtu_wa_Tononoka

Nimechelewa, lakini hakuna aliyesema sababu yangu. Mimi sikai mbali, nikakatwa tamaa na wale wanaojiita waongozaji nje. Nilikwenda na mgeni wangu, mmoja akatushika tangu barabarani, akatuzungusha, mwisho akadai hela ambayo hata mgeni alishangaa. Mwenyeji unadhalilika mbele ya mgeni wako. Tangu hapo nikiletewa mgeni nampeleka Mama Ngina, chini ya mibuyu, tunatazama meli zikiingia Kilindini, tunarudi.

#33 Mtoto_wa_Kibokoni

Hao wapo, na wanaharibu. Ila wapo waongozaji wenye vitambulisho ambao wameisoma Ngome kweli. Mwombe kitambulisho na mpatane bei kabla hamjapiga hatua. Na Mama Ngina haina ubaya, tangu ilipokarabatiwa 2019 imependeza, ingawa naona sasa tunakusanya sababu za kutoingia kuliko za kuingia.

#34 Fundi_wa_Milango

Mimi nadhani ni uvivu wa ujirani tu. Kilicho karibu utakiona kesho. Wangapi humu wameingia hekalu la Wajaini pale Langoni? La marumaru, nakshi zake mtu hupumui. Wengi tunalipita tukienda Marikiti kununua viungo.

#35 TukTuk_Tudor

Hiyo ni kweli, mimi napeleka wageni kila wiki na sijaingia. Mlangoni unavua viatu, si ndiyo?

#36 Fundi_wa_Milango

Unavua, na usiingie na kitu cha ngozi. Ukanda pia.

#37 Mgeni_wa_Tabora

Wakuu nimeandika kila kitu. Mwalimu, tutaitafuta mikono ya yule mtu. Swali la mwisho: basi litatushusha Likoni au litavuka nasi?

#38 TukTuk_Tudor

Likipitia feri, mnateremka nyote na mnavuka kwa miguu, gari linavuka na dereva. Waenda kwa miguu hawalipi. Shika watoto mkono, kule kuteremka kuna msukumano hasa saa za kazi. Baadhi ya magari siku hizi yanazunguka Dongo Kundu, muulize kondakta kabla ya kufika Ukunda. Mkivuka niulizeni, nitawapeleka Mbaraki kwanza, halati asije akaninunia.

#39 Shangazi_Likoni

Wapeleke. Na usiwatoze bei ya Mzungu.

#40 Kijana_wa_Majengo

Bado nashikilia 1952.

#41 Karani_wa_Zamani

Basi tafuta picha. Kuna yeyote humu ambaye nyumbani kwao kuna albamu ya zamani yenye Kilindini Road kabla ya 1956? Hata kama pembe zinaonekana kwa mbali nyuma ya arusi, iwekeni hapa.